Fundi wa Burudani: Misimu Mitatu Kando ya Ziwa la Kentucky

Mama aliponiuliza nimepata kazi gani, nilimtafsiria cheo kama kilivyoandikwa kwenye barua ya ajira: fundi wa burudani. Akanyamaza kidogo kwenye simu. Halafu akasema, kwa Kiswahili chake cha Fizi ambacho miaka ya Tanzania na ya Marekani haijakigusa, "Burudani nayo inaharibikaka mpaka iitiwe fundi?"

Nilicheka, lakini swali lile lilinikaa. Kwa misimu mitatu, kuanzia mwisho wa Mei hadi Jumatatu ya kwanza ya Septemba, nilifanya kazi kwenye hifadhi moja ya jimbo kando ya Ziwa la Kentucky, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Bowling Green tunakoishi. Nilikwenda pale kutafuta pesa za masomo. Nilirudi na historia ambayo sikuitafuta, na jibu la swali la mama: ndiyo, burudani inaharibika. Pale ilivunjwa zamani, na waliokuja baadaye wamekuwa wakiitengeneza kidogo kidogo.

Kwanza nieleze mimi na maji. Nilizaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma, kwa ajili ya Wakongo waliokuwa wakikimbia vita. Wazazi wangu walivuka Ziwa Tanganyika usiku, ndani ya boti iliyojaa kupita kiasi, na mama hapendi kusimulia zaidi ya hapo. Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu zaidi, na nadhani mama aliihisi kila mita usiku ule. Mimi nimekua na maji ya bombani: foleni, ndoo za njano, na ugomvi wa nani alitangulia. Ziwa lenyewe nililiona mara moja tu, nikiwa na miaka kumi na saba, dirishani mwa ndege tulipokuwa tunapaa kutoka Kigoma kuanza safari ya kuja huku. Kuogelea nilijifunza ukubwani, kwenye bwawa la chuo, darasa moja na watoto wa miaka sita waliokuwa wakinionea huruma.

Basi ndiyo huyo aliyepewa ufundi wa burudani.

Kazi yenyewe haina utukufu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi unakuta ufuo umelala, bata bukini wamemaliza kuuchafua. Unapita na reki na ndoo. Unaokota makopo, vitako vya sigara, nepi, kiatu kimoja cha mtoto (daima ni kimoja). Unaangalia kamba ya maboya inayoonyesha mwisho wa eneo la kuogelea, kama haijalegea au kukatwa na boti. Unahesabu majaketi okozi, unanusa kila moja, yenye ukungu unayaanika. Unafungua kibanda cha kayaki. Mchana unaongoza matembezi ya watoto msituni na kuwaonyesha mmea wenye majani matatu unaowasha kuliko upupu. Jioni unawasha moto wa kambi na kusimulia hadithi. Mimi niliwasimulia za sungura na fisi, nao wakazipenda. Usiku unajaza daftari: wageni wangapi, kayaki ngapi zimetoka, ngapi zimerudi. Hesabu zikitofautiana, hulali.

Wenyeji wanaona haya yote kuwa ya kawaida. Anayefika na gari lake na jokofu dogo la soda anaona mchanga, maji, miti na meza za pikiniki, na anaamini Mungu aliviumba siku ya tatu. Nami niliamini hivyo, mpaka Julai ya msimu wangu wa kwanza.

Siku chache baada ya sherehe za tarehe nne niliona maji yamerudi nyuma. Mwanzo nilidhani ni macho yangu. Baada ya majuma mawili haikuwa macho tena: ufuo ulikuwa umerefuka na kamba ya maboya ilianza kulala kwenye tope. Nikamkimbilia bosi wangu, mama mmoja mzungu aliyekuwa amefanya kazi pale miaka mingi, nikamwambia ziwa linavuja. Alicheka hadi akakaa chini. "Wameanza kulishusha," akasema. "Kila mwaka wanalishusha."

Kumbe ziwa lina bomba. Kila majira ya kuchipua maji hupandishwa mpaka futi 359 juu ya usawa wa bahari, na kila mwaka kuanzia Julai hushushwa polepole mpaka futi 354 kabla ya baridi. Futi tano ni mita moja na nusu tu, lakini kwenye ufuo ulio bapa hiyo ni ardhi kubwa. Mvua za baridi zikija, ziwa linakuwa na nafasi ya kuzipokea, na miji iliyo chini ya mto inapona. Ziwa zima, lenye urefu wa karibu kilomita 300 na linaloingia hadi jimbo la Tennessee, ni tanki. Sisi mafundi wa burudani tulikuwa tunapanga viti kwenye ukingo wa tanki.

Nikaanza kusoma. Jioni baada ya kufunga kibanda nilikuwa nashinda na simu yangu na vitabu vya maktaba ya mji wa jirani, na picha ikajitokeza hivi.

Januari 1937 Mto Ohio ulifurika vibaya sana. Mji wa Paducah, pale Mto Tennessee unapoingia Ohio, ulihamwa karibu wote. Tayari tangu Mei 1933 serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilikuwa imeunda Mamlaka ya Bonde la Tennessee, TVA kwa kifupi, ili kuufuga mto, kuzalisha umeme na kuinua watu wa bonde lile waliokuwa maskini hohehahe. Wakati huo, katika Marekani nzima, takriban shamba moja tu kati ya kumi lilikuwa na umeme. Msomaji wa Kigoma au Fizi anaweza kusita hapa kidogo: Marekani ya bibi zao ilikuwa inawasha vibatari.

Na ilikuwa inaugua malaria. Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Kwenye baadhi ya sehemu za bonde la Tennessee malaria ilikuwa ugonjwa wa kila nyumba. TVA ilipojenga mabwawa iliogopa kwamba inawafugia mbu maziwa, kwa hiyo wahandisi wake wakawa wanapandisha na kushusha maji makusudi, ili viluwiluwi vya mbu vibaki vimekwama kwenye nchi kavu vife. Marekani ilitangazwa kuwa imeishinda malaria mwaka 1951. Mimi niliyeugua malaria mara nyingi kiasi cha kutozihesabu tena, na niliyemzika mdogo wangu kwa malaria, nilisoma habari hiyo nimekaa kwenye ngazi za kibanda cha kayaki, mbu wananing'ata bila madhara yoyote. Sikujua nishukuru au nikasirike.

Ujenzi wa Bwawa la Kentucky ulianza 1938. Ukuta wake una urefu wa kilomita mbili na nusu. Milango ilifungwa Agosti 1944, maji yakaanza kujaa, na Oktoba 1945 Rais Truman akaja kulizindua. Kambi walimolala wajenzi haikubomolewa. Baada ya vita ilikabidhiwa kwa jimbo, ikageuzwa kuwa kijiji cha mapumziko kwa watalii. Hivyo ndivyo biashara hii ya burudani ilivyoanza upande huu: kwa vitanda vya vibarua.

Lakini maji hayajai mahali patupu. Ili ziwa lipate nafasi, familia zaidi ya 2,600 zilihamishwa. Makaburi zaidi ya 3,000 yalifukuliwa na kuhamishiwa sehemu za juu. Barabara zilikatwa, misitu ilifyekwa, na mji mzima uliitwa kwa jina ambalo sasa ni jina la kina cha maji tu.

Mji huo uliitwa Birmingham, kama ule wa Uingereza. Ulikuwa kando ya Mto Tennessee, kaunti ya Marshall, una gati, maduka na mashamba ya tumbaku kuzunguka. Wavuvi wa leo wanaujua vizuri. Wanasema samaki wanapenda kujificha kwenye misingi ya nyumba, na maji yakishuka wakati wa baridi, mabaki ya mji huchungulia. Nilipowauliza wageni wangu kuhusu mji ule walinisimulia kwa huzuni nyepesi, ile ya kupiga nayo picha: kanisa chini ya maji, kengele inayosikika usiku, mambo ya hivyo.

Hakuna aliyenisimulia mwaka 1908.

Mwanzoni mwa karne ile kampuni kubwa za tumbaku zilikuwa zimeshika soko na kushusha bei mpaka mkulima alikuwa anauza kwa hasara. Wakulima wa Kentucky magharibi na Tennessee wakaunda chama ili wasiuze mmoja mmoja. Madai yao yalikuwa ya haki, nadhani. Lakini ndani ya chama likazuka kundi la wapanda farasi wa usiku, waliofunika nyuso, waliochoma maghala na kuwachapa viboko wakulima waliokataa kujiunga. Na mahali pengine vita vya bei viligeuka kuwa kisingizio cha kuwafukuza watu weusi. Machi 1908 kundi kubwa la wapanda farasi hao liliingia Birmingham usiku, likashambulia nyumba za watu weusi kwa risasi na viboko. Mzee mmoja na mjukuu wake mdogo walipigwa risasi wakafa kwa majeraha. Waliosalia wengi walikimbia, wakaacha nyumba na mashamba.

Fikiria sasa mpangilio huo. Mwaka 1908 watu weusi wanafukuzwa Birmingham. Miaka ya 1940 Birmingham wote unafukuzwa, wazungu waliobaki, kwa ajili ya bwawa. Serikali inawalipa hawa wa pili thamani ya ardhi yao, inahamisha mpaka makaburi yao. Wa kwanza walikuwa wameshaondoka, na hawakuwepo kwenye foleni ya kulipwa kwa ziwa. Ukitazama maji kutoka ufuoni kwetu saa kumi na mbili asubuhi, yametulia kama kioo, huoni tofauti ya waliofukuzwa wa kwanza na wa pili. Maji yamewafunika sawasawa.

Habari ya Cherokee niliipata kwa mtu, si kitabuni. Msimu wa pili alikuja mzee mmoja mweusi na wajukuu wanne. Alitaka majaketi manne, na nilipompa akayakagua kila kifungo kwa umakini ambao wazazi wengi hawana. Nikamwambia, mzee, yako salama, nimeyakagua mimi mwenyewe asubuhi. Akanitazama. Akasema, "Kijana, mimi nimejifunza kuogelea kwenye ziwa hili hili. Ila si kwenye ufuo huu. Ufuo wetu ulikuwa kule." Akanyoosha kidole kusini kando ya maji.

Niliposema sielewi, alielewa kwamba mimi mgeni. Akakaa kwenye benchi akanieleza huku akiwachunga wajukuu kwa macho.

Mwaka 1951 jimbo la Kentucky lilifungua hifadhi ya Cherokee, karibu na ile inayoitwa leo Kenlake. Ilikuwa hifadhi ya jimbo kwa ajili ya watu weusi, kwa sababu zile nyingine zilikuwa za wazungu. Ilikuwa na nyumba ndogo za wageni, ukumbi wa chakula, bafu za waogeleaji, ufuo na gati la boti. Watu walifika kwa mabasi ya makanisa na ya shule, wengine kutoka majimbo ya jirani, maana kwao hapakuwa na ufuo hata mmoja ambao mtu mweusi angeweza kutandika taulo bila hofu. Tennessee nako, kwenye ziwa jingine la TVA liitwalo Chickamauga, ilikuwapo hifadhi ya aina hiyo yenye jina la Booker T. Washington.

"Ilikuwa nzuri?" nilimwuliza.

Alifikiri kwa muda mrefu. "Ilikuwa nzuri," akasema. "Hilo ndilo gumu kulieleza. Haikupaswa kuwapo, na ilikuwa nzuri."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi. Nyarugusu nayo haikupaswa kuwapo, na ndiko nilikojifunza kusoma, na ndiko nilikocheza mpira mzuri kuliko wote niliowahi kucheza. Mtu asiyewahi kuishi kwenye mahali pa namna hiyo anadhani lazima uchague: ama ulipachukia, ama hapakuwa pabaya. Mzee yule hakuchagua, nami tangu siku hiyo nimeacha kuchagua.

Novemba 1955 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyotoka Baltimore, ilikubali uamuzi kwamba fukwe na bafu za umma haziwezi kugawanywa kwa rangi. Kesi hiyo haijulikani kama ile ya shule ya mwaka mmoja kabla, lakini kwa mtu wa kazi yangu ni kubwa kuliko zote. Hata hivyo uamuzi wa mahakama haufiki ufuoni kwa siku moja. Mwaka 1963 hifadhi ya Cherokee ilifungwa na eneo lake likaunganishwa na Kenlake. Kwenye karatasi huo ni ushindi: hakuna tena ufuo wa weusi na ufuo wa wazungu. Lakini angalia ni upi uliofungwa. Majengo ya Cherokee yaliachwa miaka mingi, msitu ukaanza kuyadai. Wapishi, wahudumu na walinzi wa ufuo waliokuwa wakipaendesha, watu waliokuwa mafundi wa burudani kabla yangu, kazi yao iliisha. Baadaye sana wenyeji walioipenda hifadhi ile walijikusanya kuikumbuka, eneo likaingizwa kwenye orodha ya taifa ya sehemu za kihistoria, na ukumbi wa chakula ukakarabatiwa.

Na jina nalo. Waliochagua kuiita Cherokee sidhani kama waliwaza mbali. Juni 1838, jeshi la Marekani lilipowafukuza Wacherokee kutoka nchi yao ya kusini mashariki, makundi ya kwanza yalipakiwa kwenye mashua na majahazi kule Chattanooga, yakashushwa na Mto Tennessee mpaka Ohio na kuendelea magharibi. Mto ule ndio uliolala chini ya ziwa hili. Yaani Wacherokee walipita hapa hapa, chini ya kayaki zangu, wakiwa mizigo. Miaka mia moja na kumi na tatu baadaye jina lao likapewa ufuo wa watu wengine waliotengwa. Mama yangu angesema mto huu una mazoea.

Nilipoanza kuyajua haya, kazi ilibadilika mikononi mwangu. Si kwamba iliongezeka. Reki ni ile ile. Ila nilianza kuona kwamba ubaguzi wa ufuoni haukuisha 1963, umebaki ndani ya miili. Mtoto hujifunza kuogelea kwa kuwa mzazi wake aliogelea. Mzazi asiyeruhusiwa kuingia kwenye maji hakujifunza, na mwanawe akarithi hofu kama wengine wanavyorithi shamba. Takwimu za afya za Marekani zinaonyesha kwamba watoto weusi wa miaka 10 hadi 14 hufa maji kwenye mabwawa ya kuogelea kwa kiwango kinachozidi mara saba kile cha watoto wazungu wa umri huo. Hakuna maji yanayombagua mtu. Ni miaka ile ya kufungiwa nje ndiyo inayoendelea kuua.

Kisha tuje sisi. Kentucky ina Wakongo wengi sasa. Lexington, Louisville, Bowling Green, ukiingia dukani unaweza kumaliza manunuzi yote kwa Kiswahili. Jumamosi za Julai walianza kuja ufuoni kwetu, familia tano sita kwa pamoja, na sufuria za sombe, ugali wa muhogo, ndagala na redio. Nilifurahi kuwaona kuliko ninavyoweza kusema. Na nikaogopa, kwa sababu watoto wao walikuwa kama mimi: wazazi wao ni watu wa ziwa, wao ni watoto wa bomba. Wanaruka majini kwa ujasiri wa damu ambao mikono yao haina.

Jumamosi moja kijana wa miaka kama tisa alivuka kamba ya maboya akifuata mpira. Hakupiga kelele. Nilikuwa nimefundishwa kwamba anayezama hapigi kelele, lakini kufundishwa na kuona ni vitu viwili. Niliona kichwa kimeinamia nyuma, mdomo wazi, mikono inakandamiza maji kana kwamba anapanda ngazi. Niliingia na boya mkononi. Nilipomfikia alinishika shingo kwa nguvu ambayo bado ninaihisi nikiandika. Tulitoka. Alikohoa, akatapika, akalia, na baada ya dakika ishirini alikuwa anakula ndagala. Mama yake hakulia. Alikaa mchangani akawa anasema tu, tena na tena, "Tulivuka lile ziwa, tulivuka lile ziwa." Wakongo wote waliokuwa pale walimwelewa.

Tangu siku ile, kwa ruhusa ya bosi, nilianza kuwafundisha watoto wote waliotaka kila Jumamosi asubuhi kabla ya umati kufika. Kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kulala chali juu ya maji, kupiga miguu, kutulia. Neno la kwanza nililofundisha lilikuwa "tulia". Mpaka msimu unaisha watoto wa kizungu nao walikuwa wanaambiana "tulia, tulia" bila kujua wanaongea lugha gani. Mzee wa Cherokee aliwaleta wajukuu wake mara mbili. Hawakuhitaji masomo, walikuja kunisaidia.

Mama alikuja mara moja, mwisho wa msimu wa tatu. Nilimbembeleza miaka yote hiyo. Alikuwa hajakaa kando ya ziwa tangu 1996. Alishuka kwenye gari, akatazama maji kwa mbali, akasema, "Nipatie ile koti." Nikampa jaketi okozi, la watu wazima, la rangi ya chungwa. Akalivaa, akafunga vifungo vyote juu ya kitenge, akaenda kukaa kwenye benchi lililo mbali zaidi na maji, kama mita hamsini hivi. Alikaa hivyo mchana kutwa, anakula, anaongea, jaketi liko kifuani. Hakuna aliyemcheka. Ningemtoa ufuoni ambaye angecheka.

Nilimweleza habari za ziwa: bwawa, mji, familia 2,600. Alisikiliza kama anavyosikiliza taarifa za kifo.

"Na makaburi?" akauliza.

"Waliyahamisha. Zaidi ya elfu tatu."

Akatikisa kichwa polepole. "Afadhali wao," akasema. "Yetu tuliyaacha."

Sikuwa na la kujibu. Maji yalikuwa yameshashuka, tope limejitokeza, watoto wanakimbia juu yake wakitafuta konokono.

Jioni nilihesabu majaketi nikakuta moja limepungua. Nilihesabu tena. Ndipo nikakumbuka, nikaenda kwenye gari. Mama alikuwa ameketi kiti cha mbele, amefunga mkanda juu ya jaketi. Nikamwambia, mama, hilo ni mali ya umma, lazima lirudi. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Na mimi je, siko umma?"

Alilivua mwenyewe, akalikunja vizuri, akanipa. Nililianika na mengine, nikafunga kibanda, nikaandika kwenye daftari kwamba yote yamerudi.

Ukifika upande ule wa Kentucky, usiishie kwenye fukwe zenye mabango. Ulizia Cherokee. Utakuta ukumbi wa chakula chini ya miti na maji karibu. Kama umekwenda wakati wa baridi ziwa litakuwa chini, na utaona ardhi ambayo wakati wa kiangazi hatuionyeshi kwa wageni.